Rudi Themanini

Mezani mbele yako kuna kiwiliwili cha gitaa. Umekikata mwenyewe, ukakichonga kiuno kwa tupa, ukachimba mahali pa shingo na mahali pa vifaa vya umeme. Umepitisha kidole pembeni ukatabasamu, maana kimeshaanza kufanana na gitaa. Kopo la vanishi liko rafuni, brashi mpya iko kando yake, na rafiki zako wameshauliza mara tatu ni lini watasikia mlio. Mkono unakuwasha. Unajiambia: msasa kidogo, nipake, iishe.

Subiri. Weka brashi chini tuzungumze.

Niliwahi kusimama hapo ulipo. Nilikuwa najifunza useremala kwenye karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, mtaa ambao asubuhi vumbi la mbao hukusalimu kabla ya watu. Kaka mmoja, mpiga gitaa wa kwaya, aliniletea kipande kinene cha mkangazi akaniomba nimtengenezee gitaa la umeme. Nilichora, nikakata, nikachonga. Ijumaa jioni nikapiga msasa namba 80, nikarukia 220, nikafuta vumbi kwa kiganja, nikapaka vanishi chini ya balbu moja. Usiku ule gitaa lilimeta. Nikalala nikijiona fundi.

Asubuhi nikalitoa mlangoni. Jua la saa mbili likaliangukia ubavuni, na mikwaruzo ikajitokeza mistari kwa mistari, kama vile paka alikesha juu yake akinoa kucha. Si hivyo tu. Vanishi ilikuwa imezama kwenye vishimo vidogo vya mbao, uso mzima ukawa kama wa mtu aliyepona ndui.

Mzee mwenye karakana alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikusubiri anigombeze, nikaanza kujitetea mwenyewe: taa ilikuwa hafifu, msasa wa 120 ulikuwa umeisha dukani, mteja ana haraka. Hakujibu hata moja. Alivuta droo, akatoa kipande cha msasa, akakiweka mkononi mwangu na kusema maneno mawili:

"Rudi themanini."

Maneno hayo mawili yamenifaa kuliko mashine yoyote niliyonunua baadaye. Leo nakupa wewe.

Vanishi haina siri

Wengi huitegemea vanishi kama mtu anavyotegemea kanzu safi: ikivaliwa, itasitiri. Kumbe vanishi ni taa. Mkwaruzo ambao kwenye mbao kavu ulihitaji kuutafuta, ukishapakwa vanishi unajitangaza wenyewe. Rangi ya kupaka mbao ni mbaya zaidi, kwa sababu huzama kwenye kila mfereji ulioachwa na msasa na kuuchora kwa wino. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi mficha mkwaruzo, vanishi humuumbua.

Kwa hiyo mng'ao unaoutamani hautoki kwenye kopo. Kopo litaonyesha tu kazi uliyoifanya kabla ya kulifungua. Ukilielewa hilo, utaacha kuuona msasa kama adhabu inayokuchelewesha kufika kwenye kazi. Umeshafika. Hii ndiyo kazi.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ni mti, ndugu wa mkuyu, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Majani hayo ndiyo yaliyotumika kulainishia mbao. Baadaye neno likatoka karakanani likaingia ofisini. Siku hizi utasoma gazetini kwamba madiwani wamepigwa msasa, walimu wamepigwa msasa. Semina ya siku mbili, chai, posho, cheti, tayari!

Hakuna ubao uliowahi kupigwa msasa namna hiyo. Ubao ukipigwa msasa hupungua. Vumbi unalolifagia jioni lilikuwa mwili wake asubuhi. Basi kama kweli unataka kung'aa, wewe na gitaa lako, kubali kwanza kupungua: haraka yako ipungue, visingizio vyako vipungue, na ile hamu ya kusifiwa kabla ya wakati ipungue mpaka iwe vumbi sakafuni.

Panda ngazi yote

Namba iliyo nyuma ya karatasi inaeleza ukubwa wa punje. Namba ndogo, punje kubwa, hukwangua. Namba ikipanda, punje hupungua na kazi huwa ya kulainisha. Kwa kiwiliwili cha gitaa ngazi yako ni hii: 80 kwa ajili ya alama za tupa na msumeno, kisha 120, kisha 150 au 180, kisha 220. Kwenye mbao mbichi ishia hapo. Ukiendelea mpaka namba za juu sana, uso utafunga na kukataa kunywa rangi.

Kila namba ina kazi moja: kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia na kuacha midogo zaidi ya kwake. Msasa wa 220 haukutengenezwa kufuta alama za 80. Ukiruka, utasugua mpaka bega likuume, na zile alama zitabaki zimelala palepale, zikisubiri vanishi iziamshe. Anayeruka ngazi hudhani ameokoa nusu saa. Ameikopa tu, na riba yake ni siku nzima.

Utajuaje kwamba namba imemaliza kazi yake? Chukua penseli, chora mistari myepesi ovyoovyo juu ya uso wote. Sugua mpaka mistari yote itoweke. Penye penseli bado, hujafika. Kisha zima taa ya darini, washa tochi ya simu, uilaze karibu na mbao ili mwanga utambae juu ya uso. Mwanga wa juu hubembeleza. Wa pembeni husema kweli. Mwisho pangusa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, mbali na moto, dirisha likiwa wazi. Kwa dakika chache mbao itaonekana karibu kama itakavyokuwa ikishapakwa. Tone la gundi ulilolisahau litajionyesha kwa weupe wake. Lione sasa, wakati bado unaweza kulikwangua.

Fuata nyuzi. Gitaa lako litakuja kufungwa nyuzi sita za chuma, lakini za kwanza kuheshimiwa ni nyuzi za mti wenyewe. Sugua ukifuata mkondo wake. Ukikata njia, utaacha alama ambazo rangi itazisoma kwa sauti. Usisugue kwa ncha za vidole kwenye uso bapa, kwa sababu vidole huzama palipo laini na kuacha mabonde. Zungushia msasa kwenye kibao kilichonyooka. Kwenye kiuno na mipindo, kata kipande cha kandambili kuukuu. Kinajipinda bila kulegea. Pale ncha za nyuzi zinapotazama nje, kwenye pembe na chini ya gitaa, mbao hunywa rangi kwa kiu kuliko kwingine, kwa hiyo palainishe kwa namba moja zaidi.

Ukimaliza 220, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Vijinyuzi vilivyokuwa vimelazwa vitasimama kama nywele za mkono penye baridi. Acha pakauke, kisha vikate kwa 220 hiyohiyo, kwa mkono mwepesi. Visimame sasa, visije vikasimama siku ya vanishi.

Na vaa barakoa. Ushujaa wa fundi haupimwi kwa vumbi alilovuta. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mafundi wa mvule wanajua jinsi vumbi lake linavyowasha pua na ngozi. Tunataka uishi utengeneze gitaa la mia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mafundi wanapoachana njia. Uko kwenye 220, jasho limekutoka, na tochi inakuonyesha mkwaruzo mmoja. Moyo unanong'ona: mmoja tu, nani atauona? Utauona wewe. Utauona kila siku utakapolishika gitaa hilo, miaka ishirini ijayo, na hakuna msikilizaji atakayekuelewa kwa nini jicho lako linakwenda palepale. Rudi kwenye namba iliyoacha alama ile. Ikiwa ni 120, rudi 120. Ikiwa ni 80, rudi themanini. Kurudi siku ile ile ni robo saa ya kazi. Kurudi baada ya vanishi kukauka ni kukwangua kila kitu na kuanza upya, tena mbele ya mteja. Aliyejifunza kurudi mapema hatakiwi kuona aibu. Aibu ni ya yule anayeendelea mbele akijua.

Kuna cha kusugua na kuna cha kujaza

Kiwiliwili sasa ni laini. Pitisha ukucha: bado utahisi vishimo. Usijilaumu, hivyo hukuvitia wewe. Mkangazi, mninga na mvule ni miti yenye vinyweleo vikubwa, na kila kinyweleo ni mdomo wa mrija uliokuwa ukipandisha maji kutoka mizizini mpaka majanini. Mti uliishi kwa mirija hiyo. Ulipopasuliwa mbao, mirija ikakatwa ikabaki wazi kama mifereji midogo. Unaweza kusugua hadi kesho. Ukifuta safu moja, nyingine inafunguka chini yake.

Hapa msasa umefika mwisho wa uwezo wake, na fundi anajifunza jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wazee. Kuna mapungufu yanayotoka kwa kusuguliwa, na kuna mengine yanayotaka kujazwa. Uvivu wa mwanafunzi usugue. Elimu aliyoikosa ijaze. Ukimsugua kwa sababu hajui, utammaliza na bado hatajua. Nawe ujipime hivyohivyo kabla ya kujichapa.

Usimwonee wivu aliyepewa mbao nyingine. Mpingo wa kusini mwa Tanzania, unaosafiri duniani kote kuwa klarineti na obo, una vinyweleo vidogo mno na hauhitaji shughuli hii. Mti wa mepo vilevile. Gitaa la Les Paul lililotolewa na kampuni ya Gibson mwaka 1952 lina mgongo wa mahogani na uso wa mepo: chombo kimoja, mbao mbili, moja inadai kujazwa na nyingine haidai. Kampuni ya Fender nao walianza miaka ya 1950 kwa mti wa ashi, wenye vinyweleo vipana, na katikati ya muongo huo wakahamia zaidi kwenye mbao ya alda, isiyohitaji kujazwa. Kila mbao ina madai yake. Lipa yale ya mbao iliyo mezani kwako.

Dawa yenyewe mafundi huiita fila: unga laini wa mawe uliochanganywa na mafuta au maji, pamoja na rangi. Kabla ya kuipaka, safisha vinyweleo kwa brashi kavu au upepo wa pampu, maana vumbi likibaki ndani fila haitashika. Ukitaka rangi ya fila isitie doa uso mzima, tangulia na koti moja jembamba la shelaki likauke. Koroga fila iwe kama uji mzito. Ipake, kisha chukua kadi ya plastiki iliyokwisha kazi na uisukume kwa mshazari, ukikatisha nyuzi, ili iingie vishimoni badala ya kuteleza juu yake. Kama ni fila ya mafuta, tulia uitazame. Uso ukipoteza mng'ao na kufifia, wakati umefika: futa kwa kipande cha gunia, ukikatisha nyuzi tena, kwa mkono wa kadiri. Ukifuta mapema unaichomoa vishimoni. Ukichelewa inakuwa jiwe. Ile ya maji hukauka upesi zaidi, kwa hiyo jaza eneo dogo dogo.

Vitambaa vilivyolowa mafuta usivikunje ukavitupa pembeni; vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe majini.

Halafu inakuja kazi ngumu kuliko zote: kutofanya kitu. Fila ya mafuta inataka siku nzima, na penye unyevunyevu kama pwani, siku mbili au tatu. Utaigusa, itaonekana kavu. Ndani bado. Ukipaka vanishi juu yake, inaweza kugeuka ukungu mweupe, au ikazidi kunywea kadiri miezi inavyopita na vishimo vikarudi wakati umeshalipwa. Ikishakauka kweli, lainisha kwa 320, laza tochi, tazama. Mara nyingi utakuta vishimo vilivyobaki. Jaza mara ya pili. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Huna pesa ya fila, au dukani haipo? Hilo lisikusimamishe. Mafundi wa shelaki wa Ulaya walijaza vinyweleo kwa unga wa jiwe la povu uliosagana na vumbi la mbao yenyewe. Nawe unaweza kupaka mafuta ya kumalizia mbao, kisha ukasugua kwa msasa wa maji namba 320 mpaka vumbi na mafuta viwe tope, na tope hilo likaingia vishimoni. Mbao inajijaza kwa vumbi lake yenyewe! Kile ulichodhani kimepotea ndicho kinachokuja kuziba pengo. Ila jihadhari na vumbi lililokandwa kwa gundi nyeupe: linafaa kuziba ufa, lakini likisambaa usoni huacha mabaka yasiyokunywa rangi.

Unaweza pia kuamua kutojaza kabisa, mbao ibaki na vinyweleo wazi na mguso wa mti. Yapo magitaa mazuri ya namna hiyo. Vishimo vikiachwa kwa uamuzi, ni mtindo. Vikiachwa kwa uchovu, ni kasoro. Na tofauti hiyo inaijua roho yako kabla ya mteja.

Tazama pia uzuri wa kazi yenyewe. Ukichagua fila iliyokoza kidogo kuliko mbao, nyuzi za mti zitajichora vizuri kuliko zilivyokuwa. Pengo lililojazwa kwa uangalifu linakuwa sehemu ya urembo. Lililofichwa linabaki pengo.

Mahali pasipoonekana

Nikupe kisa cha watu walioielewa kazi hii. Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanaume, kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, kiliajiri wanawake, wengi wao wakiwa hawajawahi kutengeneza ala ya muziki. Kati ya 1942 na 1945 mikono yao ilitoa maelfu ya magitaa. Hawakutangazwa; kampuni ilieleza kwamba utengenezaji wa magitaa ulikuwa umesimama kupisha kazi za vita. Miongo ikapita. John Thomas, mwalimu wa sheria aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 2012, aliyapiga magitaa yao eksirei na kuyalinganisha na ya nyakati nyingine. Alieleza kwamba vipande vya magitaa ya wanawake hao vilikuwa vyembamba kidogo na vimelainishwa kwa makini zaidi, hata vile vya ndani.

Ndani, ndugu yangu! Mahali ambapo mnunuzi hapaoni, mpigaji hapagusi, na msimamizi hawezi kupakagua kwa urahisi gitaa likishafungwa. Walipiga msasa gizani, jina lao halikuandikwa popote, na baada ya miaka kama sabini mwanga wa eksirei ukaja kuwatolea ushahidi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa hiyo usiniambie hakuna anayekuona hapo karakanani, au kwamba mtaani wanataka kitu cha bei rahisi na hawajui tofauti. Mkono wao unaijua, hata kama mdomo hauna jina la kuipa. Mpe mtu yeyote magitaa mawili akiwa amefumba macho. Utaona lipi anachelewa kulirudisha.

Lile gitaa la mkangazi nililikwangua vanishi yote. Nilimfuata yule kaka wa kwaya kanisani kwao nikamwambia kweli: nimekosea, nipe muda. Hakufurahi. Nikarudi themanini. Nikapanda 120, 180, 220, kila ngazi na penseli yake na tochi yake. Nikajaza, nikangoja, nikajaza tena. Siku ya tisa nililiweka mezani bila tone la vanishi. Mzee akaja, akafumba macho, akapitisha kiganja chake kigumu kutoka pembe hadi pembe, akakirudisha taratibu. Hakusema kitu. Alikwenda rafuni, akachukua kopo la vanishi, akaja kuliweka mbele yangu.

La kwako bado liko rafuni, na halitaharibika kwa kungoja wiki moja. Washa tochi, ilaze. Sasa tafuta kile kipande cha themanini.